Mgeni wa Kwihara

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa mizani ya methali hiyo naipima nyumba ya makumbusho ya Kwihara, karibu na mji wa Tabora.

Hapo Livingstone na Stanley walikaa pamoja mwaka 1872, na nyumba hadi leo huitwa Tembe la Livingstone. Sina chuki na jina hilo. Mtu huyo aliulaani utumwa, na ni haki akumbukwe. Lakini jina lina ila moja: lamtukuza mgeni na kumfunika mwenyeji. Ni nani aliyebeba pembe na vitambaa baina ya hapa na Bagamoyo, katika nyika ambazo mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo? Ni mpagazi wa Kinyamwezi. Livingstone alipofariki mwaka 1873, ni nani waliochukua maiti yake, wakapita papa hapa Unyanyembe hadi pwani? Ni Chuma, Susi na wenzao.

Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia hii katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO. Basi watalii wakiongezeka, tusiwauzie machungu ya watumwa kama tamasha. Kijana wa Kwihara na awe msimulizi, alipwe ujira wake; kiingilio na kichimbe kisima; miembe iliyowapa wasafiri kivuli isikatwe kuipisha hoteli.

Nawe mwalimu, ukiwapeleka wanafunzi huko, waulize: jina la mpagazi liko wapi? Likionekana, mwenyeji ameanza kupona.