Sauti, Umbo na Lugha: Uteuzi wa Fasihi ya Wenyeji Asilia katika Shule za Sekondari za Kanada

Ikisiri

Makala hii inachunguza vigezo vya kuteua fasihi ya Wenyeji Asilia kwa ajili ya shule za sekondari za Kanada, hususan katika majimbo ya Ontario na British Columbia. Inadai kwamba kigezo cha sauti, yaani nani aliyeitunga kazi, kimepewa uzito unaostahili, ilhali vigezo vya umbo na lugha vimeachwa nyuma. Kwa kuzirejelea Indian Horse ya Richard Wagamese, Halfbreed ya Maria Campbell na Sanaaq ya Mitiarjuk Nappaaluk, inaonyesha jinsi pengo hilo linavyoipunguza fasihi ikawa ushuhuda tu. Hali hiyo inalinganishwa na mjadala ulioanza katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1968.

1. Utangulizi

Mnamo Februari 2023, wadhamini wa bodi ya shule za umma za Toronto walipiga kura kwamba somo la lazima la Kiingereza la darasa la kumi na moja liwe somo la sauti za kisasa za Mataifa ya Kwanza, Wametis na Wainuit. Bodi nyingine kadhaa za Ontario zilikuwa zimetangulia kufanya hivyo. Huko British Columbia, kuanzia mwaka wa masomo wa 2023/24, mwanafunzi hahitimu sekondari bila kukamilisha kozi inayohusu Wenyeji Asilia, na kozi za Kiingereza zilizojengwa juu ya maandishi yao ni mojawapo ya njia za kutimiza sharti hilo.

Mabadiliko haya hayaeleweki nje ya ripoti ya Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada, iliyotoa miito 94 ya kuchukua hatua mwaka 2015. Wito wa 62 unataka historia ya shule za bweni ifundishwe tangu chekechea hadi darasa la kumi na mbili. Msomaji wa Afrika Mashariki anahitaji tahadhari hapa, kwa kuwa kwake shule ya bweni ni mahali ambapo mzazi hujinyima ili mtoto afike. Nchini Kanada jina hilo linataja taasisi za serikali zilizoendeshwa na makanisa, ambamo zaidi ya watoto 150,000 walitengwa na wazazi wao na wengi wakaadhibiwa kwa kusema lugha zao. Za mwisho zilifungwa katika miaka ya 1990.

Kwa hiyo mwalimu anayeteua kitabu anabeba mizigo miwili kwa wakati mmoja. Anatakiwa kufundisha fasihi, na pia kutimiza deni la kihistoria. Hoja ya makala hii ni kwamba mzigo wa pili umeanza kuuamulia ule wa kwanza, na kwamba wanaopoteza zaidi ni wale wale ambao uteuzi huo ulikusudiwa kuwaheshimu.

2. Kigezo cha Sauti na Mipaka Yake

Kamati ya elimu ya Mataifa ya Kwanza ya British Columbia imeweka ufafanuzi wa matini halisi wenye sehemu tatu. Kwanza, kazi iwe imetungwa na Wenyeji Asilia au kwa mchango wao mkubwa. Pili, isawiri dhamira zilizo muhimu katika tamaduni zao. Tatu, pale inapofaa, itumie mbinu zao za usimulizi.

Sehemu ya kwanza ina sababu nzito. Kwa miongo mingi, wanafunzi wa Kanada walimjua Mwenyeji Asilia kupitia kalamu za wageni. Hata hivi karibuni, mjadala uliozuka Desemba 2016 kuhusu madai ya nasaba ya mwandishi Joseph Boyden, ambaye riwaya zake zilikuwa zikisomwa sana, uliwakumbusha walimu kwamba swali la nani anayesema halijazeeka. Hakuna hoja ya kifani inayoweza kulifuta.

Hata hivyo, kigezo cha sauti kina sifa moja inayokifanya kiwe rahisi kupita kiasi: kinaweza kujibiwa bila kitabu kufunguliwa. Sehemu ya pili ya ufafanuzi inaweza kujibiwa kwa muhtasari wa maudhui. Ni sehemu ya tatu pekee inayodai kazi yenyewe isomwe, nayo ndiyo iliyoachiwa mlango wazi wa “pale inapofaa”. Katika pengo hilo, kitabu huchaguliwa kwa jina la mtunzi na kwa jeraha kinalolieleza, huku namna kinavyolieleza ikibaki nje ya mlango wa darasa.

3. Umbo: Ushuhuda Unaoshindwa

Riwaya ya Indian Horse (2012) inaonyesha hasara hiyo waziwazi kwa sababu ni chaguo linalopendwa. Inamhusu Saul Indian Horse, mtoto wa Kiojibwe anayepelekwa katika shule ya bweni ya St. Jerome’s, anayegundua kipaji cha mpira wa magongo wa barafuni, na anayeangamizwa taratibu na ubaguzi na pombe. Kwa mwalimu anayetafuta ushuhuda wa shule za bweni, kitabu kimejileta chenyewe.

Lakini muundo wa riwaya unapingana na matumizi hayo. Saul anaandika akiwa katika kituo cha kutibu ulevi, na anaandika kwa sababu ameshindwa kusema mbele ya wenzake. Simulizi nzima imezaliwa na ushuhuda ulioshindikana. Zaidi ya hayo, msimulizi huyu wa nafsi ya kwanza anamficha msomaji jambo kuu. Padri Leboutilier, anayemfungulia mlango wa mchezo, anasawiriwa kwa sehemu kubwa ya kitabu kama mlezi mpole. Ni karibu na mwisho, Saul anaporudi kwenye magofu ya shule, ndipo yeye na msomaji wanapoujua unyanyasaji uliokuwa umefunikwa na upole ule. Uwanja wa barafu uliosomwa kama kimbilio unageuka kuwa sehemu ya mtego.

Mbinu hii si pambo. Inamlazimisha msomaji kurudi nyuma na kuisoma upya furaha aliyoiamini, na kwa njia hiyo inamfundisha jinsi kumbukumbu iliyojeruhiwa inavyofanya kazi. Darasa linaloambiwa mapema kwamba kitabu “kinahusu unyanyasaji katika shule za bweni” limeshanyang’anywa tukio hilo la usomaji. Itafaa kukumbuka pia kwamba Wagamese mwenyewe hakusoma katika shule hizo. Waliosoma ni wazazi wake na jamaa wengine wa ukoo wake, naye alikulia katika familia za kambo. Kazi yake ni ubunifu, na kuiita ushuhuda ni kumnyima usanii alioufanyia kazi.

Hasara ya pili iko upande wa upokezi. Katika darasa ambamo mwanafunzi mmoja au wawili ni Wenyeji Asilia, kitabu kinachofundishwa kama ushuhuda huwageuza kuwa vielelezo. Macho huwaelekea wao, na maswali ambayo yangeulizwa kuhusu msimulizi huulizwa kuhusu nyanya zao. Swali la umbo, kwa mfano kwa nini Saul ananyamaza mahali hapa na si pale, humrudisha kila mwanafunzi mbele ya matini, wote wakiwa wasomaji sawa.

4. Toleo: Kitabu Kipi Kinasomwa?

Kigezo cha sauti pia hudhania kwamba jina la mtunzi likiwa halisi, maneno yaliyomo ni yake. Historia ya Halfbreed, tawasifu ya Mmetis Maria Campbell, inalitikisa dhanio hilo. Ilipochapishwa mwaka 1973, mchapishaji aliondoa sehemu ambamo Campbell alieleza kubakwa akiwa na umri wa miaka 14 na afisa wa polisi wa kitaifa. Watafiti Deanna Reder na Alix Shield waliwasilisha kurasa hizo hadharani mwaka 2018, na toleo kamili likatoka mwaka 2019. Kwa zaidi ya miaka 40, kitabu hicho kilisifiwa na kufundishwa kama sauti halisi ya mwanamke wa Kimetis huku sehemu ya sauti hiyo ikiwa imezibwa. Orodha ya uteuzi inayotaja mada na mwandishi bila kutaja toleo haijamaliza kuteua.

5. Lugha: Vyumba Viwili

Sanaaq inaipeleka hoja mbali zaidi. Mitiarjuk Nappaaluk (1931–2007), mwanamke wa Kangiqsujuaq huko Nunavik, aliombwa na wamisionari Wakatoliki awaandikie sentensi za kuwasaidia kujifunza Inuktitut. Alianza hivyo, kisha akaliacha ombi na kuunda wahusika. Zikatokea sura 48 kuhusu mjane Sanaaq, binti yake Qumaq na jamaa zao, zilizoandikwa kwa hati ya silabi. Kitabu kilichapishwa kwa Inuktitut mwaka 1984, kwa Kifaransa mwaka 2002, na kwa Kiingereza mwaka 2014 kutoka tafsiri ile ya Kifaransa.

Kimaudhui, Sanaaq haitoi kile ambacho walimu wengi wanakitafuta. Wazungu wanaingia pole pole, pembeni mwa maisha ambayo tayari yana kazi, utani, wivu, ajali na hata ugomvi mkali wa ndoa. Kitovu ni Wainuit wenyewe. Kifani, inaendeshwa na mazungumzo mafupi na vihisishi, na sura zinaunganishwa na mzunguko wa shughuli kuliko taharuki ya msuko mmoja. Mwanafunzi aliyezoea riwaya ya kilele na suluhisho atasema “hakuna kinachotokea”, na hapo ndipo somo linapoweza kuanza.

Kigumu zaidi ni kwamba darasa la Ontario linaisoma kazi hii kama tafsiri ya tafsiri, ndani ya somo la Kiingereza. Mtaala wa jimbo hilo una pia masomo ya lugha za Wenyeji Asilia, zikiwemo Kikri, Kiojibwe na Kimohawk, lakini yako katika chumba kingine. Fasihi inasomwa bila lugha, na lugha inajifunzwa kando na fasihi.

Mgawanyo huu si mgeni Afrika Mashariki. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong’o, Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza Idara ya Kiingereza ya Nairobi ifutwe, fasihi ya Afrika iwekwe katikati na fasihi simulizi ipewe nafasi kuu. Mkutano wa walimu wa mwaka 1974 uliupeleka mjadala huo katika shule za sekondari. Ushindi ulikuwa mkubwa, lakini fasihi hiyo iliendelea kufundishwa kwa Kiingereza, na fasihi ya Kiswahili ikabaki katika idara na mtihani wake. Fasihi andishi za Kikamba au Kidholuo hazikupata kitabu teule kabisa. Ngũgĩ mwenyewe alilirudia swali la lugha kwa ukali zaidi katika kitabu chake cha mwaka 1986. Kubadilisha waandishi kulikuwa hatua ya lazima, ila hakukugusa lugha ambayo kwayo mwanafunzi anafikiri kuhusu waandishi hao.

6. Pingamizi na Hitimisho

Inaweza kupingwa kwamba mwalimu wa kawaida hajui Inuktitut, na kwamba wanafunzi wengi wa Kanada bado hawaijui historia yenyewe, hivyo ushuhuda hauna budi kutangulia. Pingamizi hili lina uzito. Hata hivyo, historia ina somo lake, na wito wa 62 hauutaji mtaala wa fasihi kuwa mahali pekee pa kuifundishia. Vilevile mwalimu hahitaji kuimudu lugha ili aionyeshe. Anaweza kuwaonyesha wanafunzi ukurasa wa silabi, kuwaeleza njia ambayo matini imepitia hadi kuwafikia, na kushirikiana na mwalimu wa chumba cha pili pale alipo.

Kwa msingi huo, maswali ya uteuzi yanapaswa kuwa manne: nani ametunga, kazi inafanya nini kwa umbo lake, ni toleo gani, na ilitungwa kwa lugha ipi. Swali la kwanza limepata jibu kwa mapambano ya muda mrefu, na halipaswi kulegezwa. Matatu yaliyobaki yanamtaka mteuzi akisome kitabu kabla ya kukiweka kwenye orodha. Wanafunzi wa Kiojibwe, wa Kimetis na wa Kiinuit wanaoketi katika madarasa hayo wana haki ya kukutana na watunzi wao kama watunzi, kwa uzito ule ule ambao Shakespeare amekuwa akipewa katika somo hilo kwa vizazi.