Sifa ya Mfichaji

"Usifiche kitu chini ya mwembe." Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza niliyoisikia kwa baba. Mwembe humwita kila mtu: mkimbizi atapumzika hapo, askari atafunga hapo mbuzi aliyemwiba, na wote wawili watatazama chini. Isitoshe, vita vikiisha mti wenyewe utakatwa kwa ajili ya makaa.

Baba alikuwa mshonaji, na nyumba yetu ilikuwa kilimani juu ya Baraka, upande wa njia ya Fizi, mashariki mwa Kongo. Vita vilipotufikia mwaka 1996, alifungua kichwa cha mashini yake, akakipaka mafuta, akakifunga kwa nailoni tabaka tatu, akakizika usiku. Alfajiri tukashuka ziwani kutafuta mtumbwi wa kwenda Kigoma. Alama alizotuachia hazikuwa na mti wala nyumba. Simama kwenye jiwe lenye mgongo wa kiboko. Ng'ambo ya ghuba, mlima wa Ubwari una pengo. Tembea ukilielekea hadi mchanga wa ufuko uibuke chini yako. Pinda kulia, hatua kumi na mbili. Kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu alitukaririsha maneno hayo jioni baada ya jioni, kabla ya kugusa bukari, ugali wetu.

Nimewahi kusoma habari za mchezo wa jiokeshingi, na nilicheka peke yangu. Tarehe 3 Mei 2000, Mmarekani aitwaye Dave Ulmer alijaza vikorokoro kwenye ndoo nyeusi, akaifukia nusu msituni karibu na Beavercreek, Oregon, kisha akatangaza namba za mahali ilipo. Siku moja hivi tu ilikuwa imepita tangu serikali yake iache kuzivuruga kwa makusudi ishara za setelaiti za kuonyesha mahali, na vifaa vilivyokuwa vikikosea hata mita mia vikaanza kukosea kumi au ishirini. Ukiipata ndoo, toa kitu, weka kitu, andika jina kwenye daftari. Siku hizi wachezaji wametapakaa duniani, na kanuni zao kwa kawaida zinakataza kufukia, ingawa mzee wao alianza kwa kufukia!

Kuna jambo moja sitawacheka. Mfichaji wao hodari hufikiri kwa kichwa cha mtafutaji: macho yake yataanguka wapi, atachoka wapi, atakata tamaa hatua ngapi kabla ya kufika. Baba alikuwa na watafutaji wawili kichwani, mwizi na mwanawe, na maneno yaleyale yalipaswa kumpoteza mmoja na kumfikisha mwingine. Huo kwangu ni ufundi mkubwa kuliko kushona koti.

Kwetu mchezo wenyewe ungetoka vibaya. Sanduku wanalolipenda sana ni lile la chuma la risasi, kwa kuwa halipitishi maji. Fizi ukilikuta sanduku la risasi kichakani, unarudi ulikotoka, ukikanyaga nyayo zako zilezile.

Milima hii imezoea watu wa kujificha. Aprili 1965 mwanamapinduzi Che Guevara alitua Kibamba kwa jina la Tatu, akapanda hadi kambi ya juu, na Novemba akaondoka kwa maji kama alivyokuja. Baada yake Laurent Kabila aliweka maskani ya waasi wake Hewa Bora, miaka na miaka. Kwingine pangewekwa bustani, kibao, na benchi la kutazamia ziwa. Sisi tumepanda mihogo.

Tulirudi mwaka 2006, kwa meli ya Mwongozo hadi Baraka. Baba tulikuwa tumemzika Nyarugusu. Nyumba haikuwepo, na mwembe wetu ulikuwa umekatwa, kama alivyosema. Jiwe lilikuwepo. Pengo la Ubwari lilikuwepo, na mchanga uliibuka mahali pake. Nikahesabu kumi na mbili, nikachimba hadi kiunoni. Mizizi na udongo mwekundu tu.

Kaka yangu alikaa kimya, akinitazama. Kisha akasema, "Mdogo wangu, baba alikuwa mrefu." Akarudi kwenye alama, yeye aliyerithi ile miguu, akahesabu upya. Hapo jembe lilivuta nailoni.

Kichwa cha mashini kilikuwa kimeshika kutu, mtaimbo wa sindano haupandi wala haushuki. Kando yake kulikuwa na mkebe wa maziwa ya unga: mkasi, chaki, na utepe wa kupimia nguo. Mtu aliyepima kila kiuno cha mtaani kwa sentimita alikuwa ameuzika utepe wake pamoja na mashini, akatuachia hatua.

Kaka aliukunjua polepole, maana ulikuwa umekakamaa, akaulaza kati ya shimo langu na lake. Sentimita 140.