Nusu ya Pipa kwa Kuinamisha

Mawese yauzwayo katika masoko ya Kasulu na Kibondo aghalabu hupanda kutoka upande wa Ziwa Tanganyika, ambako biashara yake ni ya zamani kiasi kwamba Richard Burton, alipofika Ujiji mwaka 1858, aliyakuta yakiuzwa sokoni. Na hupandishwa milimani ama katika madumu ya lita 20, ama katika mapipa ya chuma ambayo kila mtu huyaita ya lita 200. Dumu halina ugomvi. Pipa ndilo lenye mambo, hasa pale wachuuzi wawili wanapolinunua kwa shirika na kutaka kuligawa nusu kwa nusu, ilhali hapana mizani ya kulibeba wala kipimo kilichochorwa ubavuni mwake.

Njia itumikayo ni kuinamisha. Pipa lililokatwa mfuniko hulazwa taratibu, mmoja akilishika ukingo na mwenziwe akikizuia kitako kwa mguu kisiteleze, mafuta yakimiminika katika chombo cha pili. Na wote wawili huchungulia ndani, wakingoja ile dakika ambayo mafuta yangali yamegusa mdomo wa pipa upande wa chini, huku upande wa juu, pale ubavu unapokutana na kitako, chuma kinaanza kujitokeza kama uzi mwembamba. Hapo husimamisha. Kilichobaki ndani ni nusu, na nusu hiyo si ya kukisia, bali ni nusu kamili kwa hukumu ya handasa.

Dalili yake ni nyepesi. Uso wa mafuta yaliyotulia ni bapa, na bapa hilo limepita katika ncha mbili zinazokabiliana kwa mshazari, yaani ncha ya chini ya mdomo na ncha ya juu ya kitako. Kwa hiyo halina budi kupita pia katika kitovu cha pipa, nukta iliyo katikati ya mhimili wake. Na kila bapa lipitalo katika kitovu cha mcheduara hukigawa chombo katika vipande viwili visivyozidiana hata tone, kwa maana ukikichukua kipande chenye mafuta na kukizungusha nusu duru juu ya kitovu hicho, kitakaa barabara mahali pa kipande chenye hewa. Angalia kwamba hoja hii haikuuliza urefu wa pipa wala upana wake. Imetaka tu kwamba pande ziwe zimenyooka na mdomo uwe sawa na kitako, ndiyo sababu inashindwa katika ndoo, ambayo mdomo wake umepanuka kuliko chini.

Lakini nusu ya nini? Hapa ndipo wengi hudhulumiana pasipo kukusudia, na ndipo ninapotaka msomaji atulie nami. Pipa lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 57 na kimo cha sentimita 85 huchukua, likijazwa hadi ukingoni, takriban lita 217, wala si 200. Ile nafasi ya juu huachwa wazi ili mafuta yapate pa kutanukia yanapopata joto. Basi pipa lililoletwa na lita 200 likiinamishwa kwa namna tuliyoieleza, hubaki na nusu ya ujazo wake wote, yaani lita 108 na nusu, na aliyemiminiwa ameondoka na lita 91 na nusu. Tofauti ya lita 17 inakaribia dumu zima, na imetokana na kuchanganya nusu ya chombo na nusu ya kilichomo. Dawa yake ni rahisi: ama pipa lijazwe hadi ukingoni kabla ya kuinamishwa, ama ile nafasi iliyokuwa wazi ikadiriwe kwanza, kisha nusu yake, ambayo hapa ni lita 8 na nusu, ichotwe kutoka kwa aliyebaki na pipa na kuongezewa mwenziwe.

Pipa ambalo halikukatwa mfuniko, likamiminwa kwa tundu lake, lina ila nyingine. Tundu halikukaa ukingoni hasa. Likiwa ndani kwa sentimita 5, mafuta hukoma kutoka mapema, na hata ukilitegea pembe ileile itakiwayo, hubaki takriban lita 127 badala ya 108 na nusu. Tena kitako hakionekani, kwa hiyo hapana shahidi. Mimi nisingeligawa pipa la namna hiyo kwa kuinamisha hata kidogo.

Iko pia shuruti ya hali ya hewa. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya nyanda hizi huyagandisha mawese nusunusu, yakawa uji mzito wenye mabonge, na uji haujui kusawazisha uso wake upesi. Kazi hii husubiri jua lipande.

Ukiendelea kumimina baada ya nusu, hadi mafuta yafunike nusu tu ya kitako na bado yaguse mdomo, kitakachobaki ni kipande chenye umbo la ukwato wa farasi, na ujazo wake ulimshughulisha Archimedes wa Syracuse zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Katika risala aliyomwandikia Eratosthenes alithibitisha kwamba kipande hicho ni sudusi ya sanduku la mraba linalolizingira pipa lote. Kwa pipa letu, sudusi hiyo ni lita 46. Ajabu yake, ambayo sikinai kuitazama, ni kwamba kuta ni za duara na kitako ni cha duara, lakini hesabu ya jibu haina pai ndani yake. Risala hiyo ilipotea kwa karne nyingi, hata mwaka 1906 mwanachuoni Heiberg alipoisoma huko Constantinople chini ya maandishi ya sala yaliyoandikwa juu yake. Na uso wenyewe wa mafuta, ambao katika pipa lililoinama si duara tena bali ni duaradufu, ulikuwa na mwanachuoni wake pia: Thabit bin Qurra, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, aliandika kitabu kizima juu ya mikato ya mcheduara.

Pipa lililolazwa kabisa juu ya magogo, na bomba mbele yake, ni mwisho wa kuinama, na kijiti cha kuchovya humdanganya mtumiaji wake vibaya. Robo ya kina si robo ya mafuta. Kijiti kikilowa sentimita 14 na robo katika kipenyo cha 57, mwenye pipa hudhani anazo lita 54, kumbe zipo kama 42, kwa kuwa duara ni jembamba chini. Alama ya robo yapasa ichorwe kwenye sentimita 17, nusu kwenye 28 na nusu, na robo tatu kwenye 40.

Kosa hilo hukua pamoja na chombo. Tukadirie tangi la kituo cha mafuta, lililofukiwa ardhini, lenye kipenyo cha mita 2 na urefu wa mita 6, ambalo limeinama kwa sentimita 2 katika kila mita. Kina cha mwisho wa chini huzidi cha katikati kwa sentimita 6, na tangi likiwa na mafuta nusu, sentimita 6 hizo ni takriban lita 720 zitakazohesabiwa ilhali hazipo, endapo tundu la kijiti limewekwa mwisho huo na jedwali lisomwalo ni la tangi lililolala sawa. Tundu likiwa katikati ya urefu, kinachozidi upande mmoja hufidiwa na kinachopungua upande wa pili, na jedwali hilohilo hufaa, maadamu mafuta yamefunika chini ya tangi pande zote mbili na hayajagusa dari. Likiwa mwishoni, hapana budi jedwali litengenezwe upya kwa mteremko wa tangi hilo.