Jukwaa la Bendi Forodhani: Tahakiki ya Jina na Matumizi

Bustani ya Forodhani, mbele ya Beit al-Ajaib mjini Unguja, ilitengenezwa mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Haroub. Hadi Mapinduzi ya 1964 iliitwa Bustani ya Jubilii. Katikati yake pana jukwaa ambalo bendi ya jeshi la Sultani ililitumia kuwatumbuiza watu wa mji. Bustani ilivua jina la sherehe ya mtawala ikabaki na jina la kazi, kwani Forodhani ndipo palipotozwa ushuru. Jukwaa, kwa upande wake, halina jina lililotulia.

Wapo wanaoliita kibanda. Neno hili halifai: pale Forodhani, penye moshi wa mishkaki na foleni ya urojo, kibanda ni cha muuzaji. “Jukwaa la muziki” ni afadhali, lakini linaficha nani alipiga na kwa amri ya nani. Napendekeza “jukwaa la bendi”.

Sababu yangu ni ya kileksika. Kutokana na neno lile lile la Kiingereza, Kiswahili kimezaa maneno mawili: bendi na beni. Bendi ni kikundi cha wapigaji. Beni ni ngoma ambayo watu wa pwani waliibuni tangu miaka ya 1890 kwa kuigiza gwaride na tarumbeta za wakoloni, T. O. Ranger aliiandikia kitabu mwaka 1975, akiifuata kutoka Lamu na Mombasa hadi bara, ambako askari wa Vita Kuu ya Kwanza waliieneza. Lugha, basi, imetunza tofauti kati ya kilichopigwa mbele ya watu na kile ambacho watu wenyewe walikifanya kuwa chao.

Tofauti hiyo ina uzito katika sera. Ukarabati uliokamilishwa mwaka 2009 chini ya Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan uliiokoa bustani iliyokuwa imechakaa, na sifa hiyo haipingiki. Hata hivyo, jukwaa la bendi lisilopigwa muziki ni kiti tu, tena kisicho na mgongo. Ushauri unaosikika mara kwa mara katika mikutano kama huu ni kwamba vikundi vya beni vipandishwe hapo ili “kuhuisha urithi”. Naupinga. Beni, ambayo hadi leo husindikiza arusi za Unguja, ni ngoma ya kutembea: anayeisikia huingia msafarani. Kuisimamisha juu ya jukwaa na kuwaweka watu chini watazame ni kuirudisha katika mpangilio ule ule ambao iliukejeli.

Jukwaa wapewe wapigaji wa taarab, ambao hukaa, kwa jioni maalumu zitakazotengwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Beni ipewe njia: ianzie Ng'ambo, ipite Darajani, ilizunguke jukwaa, kisha iendelee na safari yake.