Ukuta wa Bahari Hulinda Nini?

Wahenga walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii hufundishwa kama onyo juu ya uzembe, na ni onyo jema. Lakini ni wachache watazamao kwamba ndani yake ukuta si sifa, bali ni adhabu. Ni gharama ya mtu aliyechelewa. Kwa kipimo hicho yafaa tuipime kazi moja isifiwayo sana katika pwani yetu, nayo ni ukuta wa kuizuia bahari isile ufuko.

Haki itangulie lawama. Mji wa Lamu hauwezi kukaa bila ukuta wake. Ngome ya Lamu, iliyokamilika mwaka wa 1821, ilijengwa ukingoni mwa maji. Leo imesimama mbali kidogo na bahari, kwa sababu watu waliujaza ufuko, wakajenga nyumba na njia ya pwani mbele yake. Ardhi iliyotwaliwa baharini namna hiyo haishikiki ila kwa jiwe. Nyuma ya jiwe hilo upo mji ambao UNESCO iliuandika katika urithi wa dunia mwaka wa 2001. Asemaye kwamba ukuta huo hauna kazi hajui asemalo.

Kosa ni kudhani kwamba dawa ya mji ni dawa ya kila ufuko. Ukuta hulinda kilicho nyuma yake. Mchanga ulio mbele yake haulindi. Wimbi lipandapo mteremko wa mchanga huchoka njiani. Lipigapo ukuta wima hurudi na nguvu zake, likachimba msingi na kuondoka na mchanga. Basi mara nyingi ukuta husalia, na ufuko ukatoweka.

Viko pia vikuta vya mawe vinavyotokeza kutoka nchi kavu kuingia baharini. Hivi vina ila nyingine. Mchanga husafiri kando ya pwani pamoja na mkondo. Ukikamatwa hapa, jirani wa mbele hukosa fungu lake. Vikuta vya namna hiyo vilijengwa mbele ya hoteli za Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, ambako bahari ilikuwa imekula ufuko na kuharibu majengo. Mchanga ulikusanyika upande mmoja wa vikuta, lakini upande wa pili haukupona.

Sasa tuvuke twende Shela, mwendo mfupi kutoka mji wa Lamu. Hapo vimejipanga vilima vya mchanga vilivyojengwa na upepo. Mgeni huviona kama jangwa lisilo faida, naye mwenye kiwanja hutamani kuvisawazisha na kusimamisha ukuta. Kumbe vilima hivyo vina kazi mbili kubwa. Kwanza, ni ghala ya ufuko: bahari ikichafuka huchota mchanga humo, na ikitulia, mawimbi na upepo huurudisha. Pili, ni kisima cha mji. Mvua hunywea mchangani, na maji matamu, kwa kuwa ni mepesi, hukaa juu ya maji ya chumvi. Visima vilivyochimbwa hapo huwanywesha watu wa Lamu. Ukuta ukitenga kilima na ufuko, ghala hufungwa. Kilima kikipunguzwa, hifadhi ya maji matamu nayo hupungua, na chumvi hupanda kuelekea visimani. Hapo hatupotezi mandhari tu. Tunapoteza maji ya kunywa.

Upande wa ndani wa visiwa, penye vijito na matope, mlinzi ni mkoko. Mizizi yake huvunja mawimbi na kushika udongo. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya imo Lamu. Kwa karne nyingi boriti zake zilisafirishwa kwenda Arabuni, mpaka serikali ilipokataza kuziuza nje mwaka wa 1982. Hata hivyo tusimpe mkoko sifa isiyo yake: hauoti penye mawimbi makali kama ya ufuko wa Shela. Kila mahali pana mlinzi wake.

Mtu aweza kuuliza: ikiwa hivyo ndivyo, mbona kuta zapendwa? Kwa sababu ukuta huonekana. Hufunguliwa kwa hotuba, na mwenye mali hulala akijiona salama. Kilima kilichoachwa kama kilivyo hakina sherehe, na mkoko usiokatwa hausifiwi na mtu. Tena hasara ya ukuta mara nyingi humwangukia mwingine, ambaye hakushauriwa.

Bahari ya dunia inapanda, na haja ya ulinzi itazidi. Kwa hiyo, enyi vijana, mtakapoonyeshwa ukuta mpya, msiishie kustaajabia unene wake. Ulizeni mambo matatu: unalinda nini, unaunyima mchanga ufuko gani, na ni ufa gani ulioachwa bila kuzibwa hata ukuta huu ukahitajika. Ukuta wa mji wa Lamu una majibu ya kuridhisha. Ukuta utakaojengwa mbele ya vilima vya Shela hautakuwa nayo.