Anayekisoma Kitabu Kabla Yetu

Chukua orodha ya vitabu vya Mkuki na Nyota, wachapishaji wa Dar es Salaam, uone ujirani wake. Kuna wasifu wa Mwalimu Nyerere uliotoka 2020, mabuku matatu ya Kiingereza yaliyoandikwa na Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata. Kuna Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, riwaya ya 1999 inayomfuata Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mwanamume wa makamo asiyempenda. Kuna pia Peponi ya Abdulrazak Gurnah, iliyoletwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis mwaka 2022. Majina ya waandishi yamekaa juu ya majalada. La mhariri, likiwapo, utalikuta kwenye shukrani, katikati ya jamaa na marafiki. Huyo ndiye ninayetaka kumsifu leo.

Mhariri wa orodha mchanganyiko kama hiyo hana budi kuwa na masikio mawili. Anamuuliza msomi: umejuaje? Anamuuliza mtunzi wa riwaya: nitakuaminije? Akiyachanganya maswali hayo, ataharibu vitabu vyote viwili.

Tuanze na msomi. Tuseme mswada unaeleza habari za kiwanda kilichofungwa kikaacha wafanyakazi bila mafao. Mhariri anarudi kwenye jedwali la sura iliyotangulia, anakuta kilichofungwa si kiwanda, ni kampuni nzima. Kubadili neno moja hakutoshi. "Kilichofungwa" itakuwa "iliyofungwa", "kikaacha" itakuwa "ikaacha", na aya tatu mbele kuna "hicho" kinachongoja kuwa "hiyo". Kompyuta itabadili nomino mara moja kitabu kizima, viambishi itaviacha vikining'inia. Hapo hapana njia ya mkato ila kusoma mstari kwa mstari.

Halafu ije faharasa, kazi ambayo wengi huikimbia. Mkulima yuko kwenye M, wakulima wako kwenye W. Chama C, vyama V. Mhariri asipoamua mapema, jambo moja litatawanyika kwenye herufi mbili, na mwanafunzi atakayelitafuta ataondoka na nusu ya alichokifuata. Tena faharasa haiwezi kukamilika kabla kurasa hazijatulia: ikiongezwa aya sura ya pili, namba za mbele nazo huenda zikasogea, na kazi ikaanza upya.

Riwaya inadai mkono mwepesi zaidi. Humo kosa la sarufi laweza kuwa ndiyo sauti ya mhusika. Vuta N'kuvute ingepita kwa mhariri mwenye kamusi mkononi na masikio yaliyoziba, angeunyoosha mkato ule ukawa "nikuvute", na jina lingefia jaladani. Kuacha kugusa nako ni kazi, tena ngumu kuliko kugusa, kwa sababu haiachi alama yoyote ya kumwonyesha bosi.

Lakini wepesi si kufumba macho. Mtunzi anaandika kwamba mwezi Julai jahazi liliteremka kutoka Lamu hadi Unguja, tanga limejaa upepo, mabaharia wanaimba. Sarufi iko sawa, picha inapendeza. Ila Julai ni kusi: upepo unatoka kusini, na jahazi la kuelekea Unguja lingekuwa linapigana nao. Msomaji wa pwani akifika hapo atafunga kitabu. Mhariri mwenye akili hafuti kitu; anaandika pembeni, "Je, safari hii isiwe ya kaskazi?" Mtunzi akisogeza mwezi, mabaharia wataendelea kuimba.

Juu ya ufundi huo wa mstari kuna ujasiri wa kuchagua, na hapa jina la Walter Bgoya haliepukiki. Aliiongoza Tanzania Publishing House (TPH) kuanzia 1972 hadi 1990, kisha mwaka 1991 akaanzisha Mkuki na Nyota. Katika mwaka wake wa kwanza TPH, nyumba hiyo ilishirikiana na Bogle-L'Ouverture ya London kukitoa kitabu cha Walter Rodney kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Mwaka 1976 ikatoa uchambuzi wa Shivji wa mapambano ya kitabaka Tanzania, ingawa ilikuwa mali ya umma na kitabu kiliwachambua wenye dola. Mwaka 1979 ikatoa Kuli, riwaya ya Shafi inayowahusu makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wa 1948. Msomi na mtunzi walikuwa wanasema jambo lilelile, jasho la nani linamnufaisha nani, mmoja kwa tanbihi na mwingine kwa mgongo wa mchukuzi. Ujirani wa namna hiyo haujitokezi wenyewe. Kuna mtu aliyeisoma miswada yote, akaona kwamba inazungumza.

Ndiyo maana siamini kwamba uchache wa vitabu bora vya Kiswahili unatokana na uchache wa waandishi. Riwaya ya Gurnah ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Ilingoja miaka 28, ikapita na Tuzo ya Nobel ya 2021, ndipo ikarudi katika lugha ya watu inaowasimulia. Vipaji havikukosekana muda wote huo. Zilikosekana meza za uhariri zenye muda, ujira na uthubutu wa kutosha.

Kwa hiyo, mwandishi, mswada ukirudi umejaa wino mwekundu, usinune. Kuna mtu amekusoma kwa makini kuliko atakavyokusoma mtu mwingine yeyote. Nawe mchapishaji, liandike jina la mhariri kwenye ukurasa wa hakimiliki, na umlipe kabla ya sherehe ya uzinduzi.