Sura za Watu wa Mtaani

Mpiga picha aingiapo mtaa wa watu maskini ana kazi mbili: kuipata sura ya mtu, na kutomvunjia mtu huyo heshima yake. Katika kazi ya kwanza chombo humsaidia. Katika ya pili hana msaidizi. Twapenda leo kupima mbele ya wasomaji kazi mbili zilizofanyika Nairobi, maana moja imesifiwa sana na ya pili haikupata haki yake.

Iliyo mashuhuri ni ya Mfaransa ajulikanaye kwa jina la JR. Mwaka 2004 alikuwa amewapiga picha vijana wa Les Bosquets, mtaa ulio nje ya Paris, akiwasogelea karibu mno hata lenzi ikazikuza pua zao. Mwaka 2009 akaja Kibera. Huko alitandaza nyuso na macho ya wanawake juu ya mapaa ya nyumba, eneo la mita za mraba 2,000, wengi wao kila mmoja juu ya paa lake mwenyewe. Tena kitu alichochapia hakikupitisha maji, basi picha ikawa kinga ya mvua. Hili ndilo tulipendalo kuliko mengine yote. Ni picha ngapi za maskini zilizopata kumsitiri mwenye sura?

Kisha alibandika macho ubavuni mwa gari la moshi lililopita hapo, na sehemu za chini za nyuso akazitia katika mabati kwenye mteremko wa chini ya reli. Gari lilipopita, kwa nukta moja macho yalikutana na midomo, uso ukatimia; lilipokwisha kupita, vikabaki videvu peke yake. Ni werevu mkubwa, hatukatai. Walakini twauliza: ametungiwa nani? Paa huonekana na aliye mlimani au katika ndege. Mwenye nyumba aliye ndani, akiinua macho, huona upande wa chini wa bati lile lile la jana. Na jicho lililokuzwa hivyo laweza kuwa jicho la mtu ye yote. Hatuoni mikono ifuayo nguo, wala mlango, wala jirani. Kweli, filamu yake ya mwaka 2010 yawaacha wanawake waseme wenyewe, nayo yapunguza upungufu huo. Lakini tulikuwa tukipima picha.

Huku Bashay, katika nchi ya Mbulu, mzee akipigwa picha hutaka aonekane mzima, tangu kofia hata viatu, na fimbo mkononi. Akiletewa kichwa kitupu huuliza miguu imekwenda wapi. Vijana waliosoma humcheka. Sisi hatumcheki, kwa kuwa amesema neno la utunzi ambalo mabingwa wengi hawakulisikia: mtu husimama mahali, na mahali pale ni sehemu ya sura yake.

Kazi ya pili haikuwa na kishindo. Mwaka 1997, katika Mathare, Lana Wong na Francis Kimanzi waliwapa kamera za plastiki, za bei ndogo, watoto 31 wa chama cha michezo cha vijana wa mtaa ule, wakawafundisha kupiga picha za maisha yao na kuandika maneno yao wenyewe. Kazi hiyo iliitwa Shootback, ikapigwa chapa kuwa kitabu. Hapa ukaribu haukuletwa na lenzi. Mama anayepika hageuki kujitengeneza uso kwa ajili ya mgeni, kwa sababu ashikaye kamera ni mtoto wa mlango wa pili, aliyetumwa jana kununua chumvi. Na kwa kuwa mtoto ni mfupi, watu wazima huonekana kutoka chini, wamesimama warefu, na ukuta wa nyumba yao nyuma yao. Mpiga picha mzima hana budi kupiga magoti ili apate hayo.

Jambo moja latukera. Kitabu hakichukui picha zote, naye achaguaye ni mtunzi pia, tena mara nyingi si mtoto. Tungependa kuwekewa mbele yetu zile zilizoachwa, hata zikiwa na ukungu, hata zikiwa na kidole mbele ya lenzi.